Kidari cha Leokadia

Watu wengi wakinusa karafuu huwaza pilau. Mimi huwaza gego. Juzi nilikuwa kwa daktari wa meno na mwanangu wa mwisho, mlango wa chumba cha ndani ukafunguliwa, harufu ile ikatoka, na ulimi wangu ukaenda wenyewe hadi nyuma kabisa ya taya la kushoto, pale chini palipobaki wazi tangu nilipokuwa shule ya msingi. Mwanangu akanishika mkono akaniuliza kama kung'oa jino kunauma. Nikamwambia kunauma, lakini mtu anaweza kutoka humo akiwa mkubwa kuliko alivyoingia. Hakunielewa, na kabla sijamweleza jina lake likaitwa. Basi nawaeleza ninyi mliokua miaka ile niliyokua mimi, ambao mtu akisema "nyumbani" hamhitaji kumuuliza ni wapi.

Sisi tulikuwa tunaishi Shirimatunda, pembeni ya mji wa Moshi, katika nyumba ambayo baba alianza kuijenga akiwa na kazi kiwandani, ikabaki bila plasta baada ya kiwanda kuuzwa na watu kupunguzwa. Mama alikuwa anauza mitumba sokoni na ndiye aliyekuwa anatulisha, ingawa hakulisema hilo mbele ya baba. Hapo ndipo tulipolala, tukasoma na kuugua malaria, lakini hapakuwa nyumbani. Nyumbani kulikuwa Uru, juu mlimani, kwenye kihamba cha babu, lile shamba la ukoo lenye migomba juu na kahawa chini yake na makaburi ya wazee pembeni. Mtu akikuuliza mnakwenda nyumbani lini alimaanisha huko, hata kama mmesimama naye mlangoni kwenu.

Na mimi huko nyumbani nilikuwa mtu mzito. Kwetu binti wa kwanza wa kijana hupewa jina la mama wa baba yake. Baba mkubwa alipata watoto wa kiume watupu, kwa hiyo jina la bibi, Leokadia, likanisubiri mimi. Ndiyo maana baba yangu aliniita mama. Shangazi Prisila, ambaye aliishi na wazazi wake palepale kihambani na alikuwa na mikono migumu ya kukata majani ya ng'ombe, naye aliniita mama, hata wakati wa kunichapa. Babu aliniita mke wangu. Nikifika alitaka nimuulize kama ng'ombe wamekunywa maji na kama kahawa imekauka, naye ananijibu kikamilifu, kama mume anayetoa taarifa. Binamu zangu waliona ni utani wa wazee. Mimi sikuona utani wowote hapo. Nilijiona mwenye nyumba, na siku nyingine niliwaagiza wanitafutie kuni.

Sasa niwaeleze habari ya kidari. Kila Krismasi babu alichinja beberu aliyelishwa ndani ya zizi mwaka mzima, na nyama yake haikugawanywa ovyo. Koo nyingine zina taratibu zao, lakini kwetu kila mtu alikuwa na fungu lake kwa nafasi yake: babu na lake, vijana na lao, wakwe na lao. Kidari, ile nyama ya kifuani yenye mafuta na mifupa laini, kilikuwa cha bibi. Kilichomwa polepole kwenye makaa, kikaletwa juu ya jani la mgomba, na wanawake wote wa ukoo wakakaa kukizunguka bila kukigusa. Ilikuwa lazima bibi ang'ate kwanza, atafune na kumeza mbele yao. Akishameza alisema, "Kuleni," ndipo mikono inaingia.

Mimi nilikaa ubavuni kwake, nimeingia nusu chini ya kanga yake. Na kila mwaka, akishang'ata, mkono wake ulikuja chini ya kanga na kunipitishia kipande, halafu kingine, kimyakimya, huku yeye akitazama wenzake na kutafuna kwa utulivu. Nilivila vyote. Nilijua ananifanyia hivyo kwa sababu ananipenda kuliko wajukuu wengine, na kwa kuwa siri ya namna hiyo ukiitoa inakuponyoka, sikumwambia mtu yeyote, hata mama.

Bibi alifariki mwaka uleule niliong'olewa gego, wakati wa masika, na kaburi lake lilichimbwa kwenye matope. Siku ya matanga, watu walipokuwa wanapanga mambo, mtu mmoja akauliza nani atakula kidari Krismasi ijayo. Babu hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Kitaliwa na jina lake." Watu wakageuka wakanitazama, nami nikiwa na makamasi na macho mekundu, nikanyoosha mgongo. Nilimlilia bibi kwa dhati, lakini kuanzia siku ile nilianza pia kuisubiri Desemba, na sikuwa nasubiri nguo mpya kama watoto wenzangu.

Desemba ikaja na gego. Lilikuwa limetoboka zamani na kuniuma kidogokidogo, kisha shule zilipofungwa likaamka kwa hasira. Mama akalishindilia karafuu iliyopondwa, nikapata nafuu ya kusinzia tu. Shavu likavimba hadi jicho likawa dogo. Baba akanipeleka hospitali mjini, kwa daktari wa kike mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na upole hata chembe. Alipokwisha kunichoma sindano ya ganzi alituonyesha koleo na kusema, "Jino likishaacha kufanya kazi yake tunalitoa. Tunalitunza la nini?" Kisha akaweka goti lake kwenye kiti changu na kuvuta. Nilisikia taya zima linataka kumfuata. Sikulia. Baba yangu bado yupo, muulizeni.

Nilichotaka kukililia kilikuja baadaye. Daktari alinipa pamba niing'ate, akamgeukia baba na kumpa masharti: nisile kitu cha moto, nisukutue kwa maji ya chumvi kuanzia kesho yake, nisitafune kitu kigumu. "Na nyama," akasema huku akinawa mikono, "aisahau mpaka Mwaka Mpya." Kinywa kimejaa pamba, sikuweza hata kubisha.

Kwa sababu siku zile za kuelekea sikukuu ndizo mama alizouza zaidi na asingeweza kukaa na mgonjwa, baba alinipandisha Uru jioni ileile, nikapumzike nyumbani. Tulimkuta babu uani anamkatia beberu ndizi. Nilitaka kusema shikamoo ikatoka damu tu. Babu akaniitikia hivyohivyo, "Marahaba, mke wangu," akanyoosha kiganja, maana baba alishamwambia kwamba jino liko mfukoni mwangu kwenye kipande cha karatasi. Aliligeuza kwa vidole kama alivyozoea kuikagua kahawa. Akagusa mizizi yake, akapima uzito wake.

"Hili si jino la mtoto," akasema. "Hili ni jino la mtu mzima kabisa. Alilia?"

"Hakulia," baba akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba. Daktari mwenyewe alishangaa."

Basi babu akalitia jino langu katika mfuko wa koti lake, na kwa siku kadhaa zilizofuata kila aliyepita kihambani, hata aliyekuja kuazima panga, alionyeshwa. "Mke wangu kang'olewa hili," aliwaambia, "wala hakutoa chozi." Mimi nilikuwa nakaa kwenye kizingiti nimefungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, nikiwaacha wanitazame kadiri wanavyotaka.

Nililazwa kitanda cha bibi. Godoro lilikuwa limebonyea upande wake, na shuka, pamoja na kufuliwa, zilikuwa bado na ile harufu yake ya moshi wa kuni na maziwa ya mgando. Asubuhi Shangazi Prisila alikuja na kikombe cha maji ya chumvi, akanisimamisha nje karibu na mfereji, akanishika kichwa. "Sukutua, mama. Usimeze. Tema huko kwenye migomba." Mlima ulikuwa wazi asubuhi zile na barafu yake ikimetameta, nami nikautemea mate mekundu kila siku. Baada ya hapo nikapewa uji wa ulezi uliopoa, mchana mtori, jioni mtori tena. Ndizi zimepondwa mpaka zimelainika, mchuzi umechujwa, na nyama imeondolewa yote akala mtu mwingine.

Hakuna kitu kinachomuudhi mtu asiyeweza kutafuna kama kukaa karibu na zizi. Ng'ombe wa babu alikuwa anacheua kutwa nzima huku ananitazama. Mbuzi naye alitafuna. Nilimwangalia yule beberu, kifua chake kipana kinapanda na kushuka, nikajua kwamba kile ni changu na kwamba sina cha kukilia. Taya halikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Nilijaribu kutafuna kwa upande wa kulia, lakini kila nilipouma kulia, kushoto ndiko kulikojibu.

Kwa hiyo nikaanza mazoezi. Shangazi akienda kukata majani, nilichukua ndizi ya kuchoma iliyobaki jikoni na kuitafuna nyuma ya nyumba huku machozi yananitoka, yale ambayo daktari hakuyapata. Nilipoiweza ndizi nikajipandisha darasa, nikajaribu punje za mahindi yaliyochemshwa. Pengo likafumuka. Shangazi akaiona damu kwenye mto wa bibi, akanipeleka kwenye mwanga.

"Mama, fungua mdomo. Umekula nini?"

"Mtori."

"Mtori gani una maganda ya mahindi?"

Hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi. Jioni ile, nikiwa kitandani, nikamsikia jikoni akizungumza na babu, na ukuta wa mbao haukuficha kitu.

"Baba, mtoto hawezi. Ataumia bure mbele za watu. Mwaka huu kidari apewe mke wa kaka, ndiye mke mkubwa hapa sasa. Wanawake hawawezi kukaa wanakitazama mpaka kipoe kwa sababu mwenyewe hawezi kung'ata."

"Tutaona," babu akasema.

"Mwakani atakula. Mwaka mmoja si kitu."

"Nimesema tutaona, Prisila."

Mwaka mmoja kwa mtu mzima labda si kitu. Mimi nilikuwa na elimu mpya kutoka hospitali. Kitu kikiacha kufanya kazi yake kinatolewa, maana kinatunzwa cha nini? Jina la bibi kazi yake ilikuwa kula kidari, babu mwenyewe alikwisha kusema. Nikishindwa, litang'olewa, apewe Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, mwanamke mwema aliyekuwa na jina lake zuri tu na hakuhitaji la pili. Mimi ningebaki nani? Nilijaribu kufikiri baba ataniita nini asubuhi na sikupata. Nilijiona nimesimama uani na pengo kubwa kuliko la mdomoni, na watu wakiniita wewe.

Kesho yake nikamfuata babu alikokuwa anachambua kahawa juani, anatenga punje mbovu. Nilikaa chini mbele yake nikaanza kutenga nami, kwa kuwa ndivyo mke anavyofanya akiwa na neno.

"Babu, jina likitolewa linauma?"

Mikono yake ikasimama. "Nani anatoa jina?"

Nikamwambia yote: daktari, jikoni, Mama mkubwa. Nilieleza kwa taabu, meno yamekaribiana, na mate yananitoka. Hakucheka. Babu yangu alikuwa mtu wa utani, angeweza kucheka siku ile na ningemsamehe mpaka leo, lakini hakucheka.

"Nikuulize na mimi," akasema. "Bibi yako alikuwa anakupa nini chini ya kanga?"

Nilishtuka. Nilidhani ile ni siri yangu na ya marehemu. "Nyama," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ananipenda."

"Alikupenda, sikatai. Lakini yule mwanamke magego yake yaliisha siku nyingi. Ya mbele alikuwa nayo, ndiyo maana akicheka hakuna aliyejua. Anang'ata, anaufanya mdomo uende, anameza mate, watu wanaanza kula. Nyama yenyewe anakupa wewe. Mimi nimekaa ng'ambo ya ua naona." Akatikisa kichwa. "Hakutaka mtu ajue. Alikuwa na kiburi, bibi yako. Kiburi kizuri."

Lazima niseme ukweli kwamba jambo la kwanza lililonijia lilikuwa uchungu. Miaka yote nilijiona kipenzi, kumbe nilikuwa meno. Kisha, taratibu, nikiwa na punje za kahawa mkononi, nikaligeuza jambo lile na kuliona upande wa pili. Alikuwa na wanawake wazima kumzunguka, mabinti na wakwe, na hakumwamini hata mmoja. Aliniamini mimi, kabla sijajua hata kusoma, na sikumwangusha.

"Sasa niambie," babu akasema. "Miaka hiyo yote nani alikuwa anakula kidari?"

"Mimi."

"Basi. Unaogopaje kupewa kitu unachokula siku zote?"

"Lakini siwezi kukitafuna, babu. Wataniona."

Akarudia kazi yake ya kutenga. "Hilo sasa ni lako. Mimi nagawa tu. Mwenye fungu ndiye anayejua fungu lake linaliwaje."

Siku ya Krismasi tulirudi kutoka Misa kihamba kimejaa. Baba mkubwa alishafika kutoka Arusha na gari lenye kreti za soda, mama alipanda asubuhi na gauni la mtumba lenye ukosi wa lesi alilonifichia tangu Oktoba, na dada yake babu, Bibi Yustina, alishakalishwa kwenye kiti chenye mto. Shavu langu lilikuwa limepungua lakini taya bado lilikuwa bishi. Nilivaa gauni, nikakataa kile kitambaa cha kichwani, nikajipanga na wanawake.

Beberu alichinjwa, akachunwa, akalazwa juu ya majani ya mgomba. Babu akaanza kugawa bila kuinua macho. Alitaja fungu, akataja mtu, mtu akaja. Ilipofika zamu ya kidari alisimamisha kisu. Shangazi Prisila akamtazama Mama mkubwa, naye Mama mkubwa akatazama vidole vyake.

"Kidari," babu akasema. "Leokadia."

Nikaenda. Akaniwekea mikononi, jani na nyama yake, na ilikuwa nzito na ya moto, haijapoa uhai. Shangazi akaja haraka kunipokea aipeleke kwenye makaa. Sikumpa.

"Kisichomwe," nikasema.

"Unasemaje, mama?"

"Kidari changu kisichomwe. Kipikwe mtori."

Wanaume wakaguna. Baba mkubwa, ambaye alikuwa bado na funguo za gari mkononi, akasema kwa upole wa mtu anayemrekebisha mtoto, "Hapana, mama. Kidari hakipikwi mtori. Kinachomwa. Umeona wapi?" Nikamwangalia babu anisaidie. Babu alikuwa anafuta kisu chake kwa jani, anakifuta pande zote, kana kwamba hana kazi nyingine duniani.

Hapo nikafanya kitu ambacho bibi asingekifanya hata kwa dawa. Niliipakata nyama kifuani kwa mkono mmoja, na lesi yangu ikaingia damu, nikatia kidole cha mkono wa pili mdomoni, nikalivuta shavu mpaka mwisho wake, nikawageukia wote, wanawake kwanza kisha wanaume, wakaona pengo langu lilivyo.

"Hapa hamna jino," nikasema. "Ya kuchoma siiwezi. Mtori nauweza. Na mimi nikila, wote mtakula."

Aliyenijibu alikuwa Bibi Yustina, kutoka kwenye kiti chake. "Aika, mwanangu," akasema, akinishukuru kwa Kichaga, kisha akaendelea kwa sauti ya kusikika barabarani. "Aika sana. Mimi kidari cha kuchoma naishia kulamba mafuta tangu huyu Prisila ni msichana mdogo, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Pika mtori."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Bibi mwingine wa jirani akasema na yeye yumo, kisha mama mmoja ambaye sikumdhania akasema hata yeye, upande mmoja. Ikaonekana nusu ya wanawake waliokuwa wanakaa kukizunguka kidari kile kila mwaka walikuwa wanafanya mdomo uende. Mama mkubwa akasimama, akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni lake la Arusha, akauliza, "Ndizi za mshare ziko wapi? Nipeni kisu," akakaa kumenya ndizi yeye mwenyewe, haraka kuliko yeyote pale. Mama yangu akaniondolea nyama mikononi. Aliitazama ile lesi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaharibu nguo asiseme neno.

Kidari kilichemshwa hadi nyama ikaachana na mifupa yake, kikachanganywa na ndizi, kikapondwa kwa mwiko na shangazi mpaka jasho likamtoka. Nilikaa kwenye kigoda cha bibi. Wakanipa bakuli la kwanza na kijiko, wakalisubiri lipoe, wanawake wote wazima wale, wengine wakipunga kwa ncha za kanga. Nikaweka kijiko mdomoni. Mtori ulikuwa mzito, wa mafuta, wenye chumvi, na nyama ilikuwa imelainika kiasi kwamba ulimi peke yake uliitosha. Nikameza kweli. Nikasema, "Kuleni."

Wakala. Shangazi Prisila aliponipokea bakuli tupu akaniambia, "Asante, mama," na alivyolitamka neno lile la mwisho hakuwa anamtania mtoto. Nimepata mambo mengi tangu hapo, vyeti, kazi, watoto, kiwanja na hati yake, na watu wakanipongeza kwa mikutano na keki. Sijawahi tena kujiona mkubwa kama nilivyojiona nikiwa kwenye kigoda kile na pengo langu mdomoni.

Babu na shangazi wamelala sasa kihambani, karibu na bibi. Mama mkubwa ni bibi kizee. Krismasi iliyopita mjukuu wake mmoja alileta mke, binti wa Singida, mpole, mwenye kuuliza maswali mazuri. Tulipokaa wanawake kuzunguka chungu, akauliza mbona kwa akina rafiki yake wa Machame aliona nyama yote inachomwa, na sisi kidari tunakipika mtori. Mumewe, kijana aliyezaliwa na kukulia Arusha, alikuwa anapita na soda. Akasimama kumjibu kwa heshima zote.

"Hiyo ni mila ya ukoo wetu," akasema. "Kidari hakichomwi hapa, ni mwiko. Tangu mababu wa mababu, kabla hata wamisionari hawajaja."

Mama mkubwa akanitazama kwa pembe ya jicho, midomo ameibana. Sikumsahihisha kijana. Yule binti akakiweka kijiko chake magotini, akatulia, akaelekeza macho kwangu kama wenzake wote, akingoja. Nikaonja.